Namna ya Kusoma Rekodi ya Mtafiti wa Ikolojia na Jenetiki

Jalada la mtafiti likifika mezani kwako, iwe ni maombi ya kupanda cheo, andiko la kuomba fedha za mradi, au jina la profesa ambaye mwanafunzi anataka awe msimamizi wake, jicho hukimbilia nambari tatu: idadi ya makala, idadi ya mara zilizorejelewa na wengine, na kipimo cha h. Nambari hizo zina sifa ya kusomeka kwa dakika moja. Lakini zinajibu swali moja tu, yaani ni watafiti wangapi waliona haja ya kuitaja kazi hii ndani ya kazi zao. Waliitaja kwa nini, hazisemi. Katika ikolojia na jenetiki sababu hizo hutofautiana mno, kiasi kwamba makala iliyorejelewa mara elfu kumi yaweza kuwa maelezo ya programu ya kompyuta, na iliyorejelewa mara arobaini ikawa ndiyo iliyoujulisha ulimwengu kwamba mnyama fulani yupo. Kwa hiyo ushauri wa mwongozo huu ni ugeuze mpangilio uliozoeleka: tafuta kwanza kazi ilitumiwa kufanya nini, kisha uhesabu. Anayeanza na hesabu huwa ameshaamua kabla hajasoma, na akija kusoma baadaye anasoma ili kuhalalisha uamuzi wake.

Jua kwanza nambari zinatoka wapi. Eugene Garfield wa Philadelphia alitoa wazo la faharasa ya marejeleo mwaka 1955, na faharasa yenyewe ikazinduliwa 1964. Kusudi lake lilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta: ukiwa na makala moja ya zamani mkononi, faharasa inakuonyesha nani aliitaja baadaye, na hivyo unaufuata mjadala kutoka nyuma kuja mbele. Kuwapima watu kulikuja kupandikizwa juu ya chombo hicho. Mrithi wake leo ni Web of Science, na tangu 2004 kuna Scopus na Google Scholar. Hizi mbili za kwanza huchagua majarida ya kuingiza. Google Scholar huzoa karibu kila kinachofanana na maandishi ya kitaaluma mtandaoni, tasnifu na ripoti zikiwemo, hata makala ambazo bado hazijapitiwa na wahakiki. Ndiyo maana mtu mmoja huwa na nambari tatu tofauti, na zote tatu ni sahihi kwa hesabu ya aliyezihesabu. Usilinganishe kamwe mwombaji mmoja kwa Google Scholar na mwingine kwa Scopus. Chagua moja, watendee wote sawa, na andika tarehe uliyotazama. Halafu hakiki majina. Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, anaweza kuonekana kwenye hifadhidata kama watu wawili au watatu kulingana na jina ambalo kila jarida limeliona kuwa la ukoo. Na Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa kompyuta si mtu mmoja. Kinyume chake pia hutokea, wasifu wa mtu mmoja ukabeba makala za wajina wake. Namba ya ORCID, yenye tarakimu 16 na iliyoanza kutolewa 2012, inapunguza mkanganyiko huo kwa aliyejisajili, ila haiziponyi makala za zamani ambazo hakuna aliyeziunganisha nayo.

Sasa kipimo cha h. Alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005: mtafiti ana h ya 5 ikiwa makala zake tano zimerejelewa angalau mara tano kila moja, na hana sita zilizorejelewa angalau mara sita. Chukua watafiti wawili wa kubuni. Wa kwanza ana makala sita zilizorejelewa mara 40, 30, 12, 6, 5 na 3. Wa pili ana sita pia, zenye 900, 60, 5, 5, 5 na 2. Wote wawili wana h ya 5, ingawa wa kwanza amerejelewa mara 96 kwa jumla na wa pili mara 977. Kipimo kimefanya kile kilichobuniwa kufanya, yaani kuzuia makala moja iliyovuma isimbebe mtu mzima. Lakini ikiwa ile ya 900 ndiyo iliyobadilisha fani, kipimo kimeificha. Tena h haishuki hata mtafiti akiacha kazi, inapanda na umri, na haiwezi kuzidi idadi ya makala alizoandika. Gregor Mendel alichapisha makala mbili kuhusu kuzalisha mimea chotara, ile ya njegere mwaka 1866 na nyingine iliyofuata miaka michache baadaye. Kwa kazi hizo zilizoanzisha jenetiki h yake haiwezi kuvuka 2, hata zikirejelewa mpaka kiama. Hirsch mwenyewe alitahadharisha tangu mwanzo kwamba fani hazilingani, na kwamba wanabayolojia kwa kawaida huwa na h kubwa kuliko wanafizikia.

Hapa ndipo kazi yako ya kweli inapoanzia. Fungua orodha ya makala za mtafiti, ipange kuanzia iliyorejelewa zaidi, na ujiulize kwa kila moja kati ya zile tatu za juu: hii ni ya aina gani? Katika jenetiki, mara nyingi ya kwanza kabisa ni chombo. Saitou na Nei mwaka 1987 walieleza namna ya kujenga mti wa nasaba kwa kuunganisha majirani walio karibu. Pritchard, Stephens na Donnelly mwaka 2000, katika jarida la Genetics, walitoa mbinu na programu iitwayo STRUCTURE, inayogawa wanyama au watu katika makundi kwa kutazama jeni zao. Ikolojia nayo ina lme4, furushi la programu ya R la kuchambulia data zenye ngazi ndani ya ngazi, ambalo makala yake ya 2015 imerejelewa makumi ya maelfu ya mara. Kila anayeendesha programu hizo hulazimika kuzitaja, kama mjenzi anavyotaja aina ya saruji. Hilo halizipunguzii hadhi; aliyebuni STRUCTURE amewawezesha maelfu kuuliza maswali ambayo hayakuulizika kabla yake. Ila ni mchango wa aina yake. Ukimlinganisha mbuni wa mbinu na mtu aliyetumia miaka kumi na mitano kuhesabu ndege wa misitu ya Usambara, kisha ukasema wa kwanza ana athari mara mia zaidi, unalinganisha vitu visivyowekwa kwenye mizani moja. Aina nyingine inayovimbisha nambari ni makala ya mapitio, ile inayokusanya kazi za wengine. Ni rahisi kuitaja kwa sababu inamwepushia mwandishi kutaja makala ishirini. Mapitio mazuri ni kazi kubwa, lakini humo sifa za watu ishirini zimehamia kwa mmoja.

Kuijua aina hakutoshi. Inabidi usome sentensi. Mfano unaofaa ni wa karibu nasi. Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki na Allan Wilson walichapisha katika Nature makala fupi kuhusu furu wa Ziwa Victoria, wale samaki wadogo ambao spishi zao ni mamia, kila moja na mdomo wake na rangi zake. Walisoma herufi 803 za DNA ya mitokondria kutoka kwa spishi 14 za jenasi tisa, wakakuta tofauti ndogo kuliko zilizopo ndani ya spishi moja ya binadamu. Wakahitimisha kwamba furu hao wote wana asili moja ya karibuni. Sasa tazama wanaoitaja. Kundi kubwa huitaja kwenye aya ya kwanza, kusema tu kwamba samaki wa maziwa ya Afrika waligawanyika upesi, na pengine wengine hawakuwahi kuifungua. Kundi la pili waliufuata mtindo wake, wakapima maziwa mengine kwa namna hiyohiyo. Kundi la tatu ni dogo na ndilo lenye uzito: waliorudi kwenye swali lenyewe. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake, wakiwa na data za jenomu nzima, walionyesha katika Nature Communications kwamba furu wa Victoria walitokana na mchanganyiko wa nasaba mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, na kwamba mchanganyiko huo ndio uliowapa malighafi ya kugawanyika kwa kasi. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo kipimo cha 1990 hakikuwa na namna ya kuuona upande wa baba. Katika hesabu, anayekutaja kwa mazoea, anayekufuata na anayekusahihisha wote ni moja, moja, moja. Kwa msomaji, wa tatu ana thamani kuliko mia ya wa kwanza, maana kazi inayostahili kusahihishwa baada ya miaka 27 ni kazi iliyouliza swali lenye uhai.

Si kila kupingwa ni heshima, hata hivyo. Mwishoni mwa 2010 jarida la Science lilitoa makala iliyodai kwamba bakteria wa Ziwa Mono, California, aliyepewa jina GFAJ-1, anaweza kujengea DNA yake arseniki mahali pa fosforasi. Ilirejelewa sana, na sehemu kubwa ya kurejelewa huko ilikuwa ni kukanusha. Mwaka 2012 maabara nyingine zilichapisha majaribio yaliyoshindwa kuyathibitisha madai hayo, na mwaka 2025 Science ikaiondoa, waandishi wake wakipinga uamuzi huo. Hakuna nambari yoyote kwenye wasifu itakayokuambia hayo. Sentensi kumi za wanaoitaja zitakuambia.

Swali linalofuata ni nani alifanya nini. Hifadhidata humpa kila mwandishi mwenza hesabu yote: ile makala ya furu ya 1990 ina watu wanne, na kila mmoja anabeba idadi ileile. Kwa wanne haidhuru. Lakini jenetiki ya leo hufanywa na makundi makubwa, na ikolojia imefuata. Makala zinazoieleza TRY, hifadhidata ya dunia ya tabia za mimea, zina waandishi kwa mamia, wengi wao waliochangia vipimo vya majani ya msitu mmoja au miwili. Mchango huo ni halali na unastahili jina. Asichostahili mtu ni kusomwa kana kwamba ndiye aliyeifikiria kazi nzima. Katika fani hizi mbili desturi ni kwamba wa kwanza ndiye aliyebeba mzigo wa kazi, wa mwisho ni mkuu wa maabara au wa mradi, na waliopo katikati wametoa sampuli, data, uchambuzi au ushauri. Desturi si sheria, kwa hiyo soma ile aya ya mwisho wa makala inayotaja mchango wa kila mmoja. Hapo pia ndipo utakapouona mkondo wa kazi zilizofanyika Afrika Mashariki: mara ngapi mtafiti wa hapa yuko katikati ya orodha ilhali sampuli, kibali cha COSTECH au NACOSTI na miezi ya kulala uwandani ni vyake? Mwombaji mwenye makala thelathini zote za katikati hajafanya kosa lolote, lakini kamati inapaswa kumuuliza maswali tofauti na yule mwenye nane alizoziongoza mwenyewe.

Sasa njoo kwenye kazi ambazo mfumo huu karibu hauzioni. Mwaka 2005, tena katika Science, Trevor Jones na wenzake, wakiwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, walimtangaza kipunji, nyani aliyeonekana kwa mara ya kwanza na wanasayansi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na katika Ndundulu huko Udzungwa. Maelezo ya mwanzo yaliegemea picha. Baadaye alipatikana mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, na mwaka 2006 fuvu lake pamoja na DNA yake vikamhamisha hadi jenasi mpya, Rungwecebus, jenasi ya kwanza mpya ya nyani wa Afrika kwa miaka 83. Ugunduzi huo ulipata majarida makubwa kwa sababu ni nyani. Angekuwa konokono au nyasi, maelezo yake yangechapishwa kwenye jarida la wataalamu wachache na kurejelewa mara chache. Tena kuna jambo la ajabu kidogo: kila mtafiti anayeandika jina la kisayansi la spishi anaitegemea kazi ya aliyeieleza, lakini makala ile ya maelezo kwa kawaida haiingii kwenye orodha ya marejeleo. Jina linatumika bure. Chini yake zaidi wapo wawindaji wa Kinyakyusa ambao ndio waliowasimulia watafiti kwamba huko milimani kuna mnyama kama kipunji. Kwao hakuna hata safu ya kuhesabia. Kwa hiyo ukipokea jalada la mtaalamu wa kuainisha viumbe, weka kando kipimo cha h. Uliza ameeleza spishi ngapi, vielelezo vyake vimehifadhiwa makumbusho gani, na kama majina aliyoyatoa bado yanakubalika.

Kutoonekana kwa kazi kunatokea pia kwa sababu imefanikiwa kupita kiasi. Mwaka 1908 G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mtu kivyake, walieleza uwiano wa aina za jeni katika kundi linalopandana bila upendeleo. Hakuna mwanafunzi wa jenetiki asiyeitumia kanuni hiyo, na kila maabara inayopima jeni za watu au wanyama huihakiki data yake nayo. Wanaozirejelea makala za 1908 ni wachache, maana kanuni imeshakuwa mali ya umma, haina haja ya kutajiwa mwenyewe.

Muda nao ni mtego. Kiwango cha athari cha jarida, kile ambacho kamati nyingi hukitazama kana kwamba ni alama ya makala, huhesabiwa kwa kutazama makala za miaka miwili iliyotangulia zilirejelewa kiasi gani mwaka huu. Ni wastani wa jarida zima, na wastani huo huinuliwa na makala chache zinazorejelewa mno. Kuihukumu makala moja kwa wastani huo ni kubahatisha. Kwa ikolojia, tena, miaka miwili ni kufumba na kufumbua. Nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, idadi ikapanda mpaka zaidi ya milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuujua uhusiano huo kulihitaji watu wa kuhesabu nyumbu kwa ndege mwaka baada ya mwaka, miongoni mwao Anthony Sinclair, ambaye kitabu alichokihariri pamoja na Michael Norton-Griffiths kilitoka 1979. Na hadithi haikuishia hapo: nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto hupungua, na moto ukipungua miti hurudi, hoja iliyokuja kupimwa kwa kina na Ricardo Holdo na wenzake katika PLoS Biology mwaka 2009. Mtafiti aliyekuwa akihesabu nyumbu mwaka 1966 na kupimwa mwaka 1968 angeonekana mtu wa kuandika takwimu za mifugo ya porini. Ukikuta kwenye jalada mfululizo wa data wa miaka ishirini, usiutafutie athari ya miaka miwili. Tazama kama data zimehifadhiwa mahali wengine wanaweza kuzichukua, iwe GBIF kwa kumbukumbu za viumbe au GenBank kwa mifuatano ya DNA, na kama kuna waliozichukua.

Ukubwa wa uwanja utautambua haraka. Jenetiki ya magonjwa ya binadamu ina maelfu ya maabara, na makala ya kawaida kabisa hurejelewa mara nyingi kwa kuwa waandishi ni wengi na orodha zao za marejeleo ni ndefu. Watu wanaochunguza mikoko ya delta ya Rufiji au majani ya bahari ya Zanzibar wangetosha ukumbi mmoja. Mlinganishe mtu na wenzake wa fani ndogo ileile na waliopata uzamivu miaka ileile, au usimlinganishe kabisa. Na kwa kuwa majarida mengi ya kanda yetu hayamo kwenye faharasa kubwa, mtu aliyechapisha hapa ili asomwe hapa ameshapunguziwa kabla hujafungua jalada. Baadhi ya majarida hayo utayapata kupitia African Journals Online.

Kuna pia matumizi ambayo hayaachi alama yoyote kwenye hifadhidata. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alitumia DNA iliyomo kwenye pembe za ndovu zilizokamatwa bandarini kujua tembo waliuawa wapi. Makala yake na wenzake ya 2015 katika Science ilichambua shehena kubwa 28 zilizonaswa kati ya 1996 na 2014, ikaonyesha kwamba pembe za tembo wa savana kwa miaka ya mwisho zilitoka zaidi kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, eneo la Selous na Niassa, na za tembo wa msituni zilitoka Gabon, Kongo, Kamerun na jirani zake. Makala imerejelewa na wanasayansi wengine, ndiyo. Lakini msomaji mkuu wa ramani ile ni afisa wa doria, mpelelezi, na mjumbe wa mkutano wa CITES, nao hawaandiki makala. Mpango wa usimamizi wa hifadhi, barua ya wizara, mafunzo kwa askari wanyamapori: vyote hivyo ni athari, na Scopus haitaviona. Mwombe mwombaji aviambatishe, na uvihakiki kwa waliovitumia, maana hapa pia watu hutia chumvi.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni la haki. Ukiondoa nambari mbele, wapo watakaosema, unarudisha zama za mwenyekiti kumpandisha mtu wake. Nambari haina ndugu wala kabila, nayo imewahi kumwinua mtafiti kijana ambaye wakubwa zake hawakumpenda. Ni kweli, na ndiyo sababu sijasema nambari zitupwe. Mtu anayedai kuongoza fani kwa miaka ishirini, na hakuna aliyemrejelea nje ya chuo chake, nambari zimemfichua kihalali. Lakini upendeleo unajua pia kujificha ndani ya nambari. Anayechagua hifadhidata, anayeamua kiwango cha chini cha h, anayesema mapitio yahesabiwe au yasihesabiwe, ameshaamua nani atapita, na sasa ana kivuli cha hesabu cha kujikinga nacho. Uamuzi ulioandikwa kwa sababu, ukitaja makala kwa jina na sentensi kwa ukurasa, unaweza kukatiwa rufaa. Aliyekosa cheo kwa kuwa h yake ni 11 badala ya 12 hana cha kujibu. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa 2012, na Manifesto ya Leiden ya 2015 yote mawili yanasema karibu hivyo, kwamba vipimo visaidie hukumu ya wasomaji wenye ujuzi bila kuchukua nafasi yake.

Pingamizi la pili ni la muda, na hili silionei huruma sana. Kamati yenye waombaji arobaini haiwezi kusoma makala elfu. Sawa, mwombe kila mmoja ataje makala tatu anazoona ndizo zake bora na aeleze kwa nusu ukurasa kila moja ilibadilisha nini. Makala tatu, pamoja na sentensi kumi za wanaozitaja, ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayeijua fani. Kamati isiyoweza kumtengea asubuhi moja mtu ambaye mshahara na maabara yake vitaamuliwa kwa miaka ijayo ina tatizo ambalo kipimo chochote hakitalitibu.

Orodha za watafiti bora duniani nazo zinahitaji neno. Ile maarufu ya asilimia mbili ya juu inatokana na kazi ya John Ioannidis wa Stanford na wenzake iliyochapishwa katika PLoS Biology mwaka 2019, ikitumia data za Scopus. Imetengenezwa kwa uangalifu kuliko wanavyojua wanaoishangilia: inachanganya vipimo sita, inazingatia nafasi ya mwandishi kwenye orodha, na inaonyesha hesabu pamoja na kujirejelea na bila kujirejelea. Vyuo vinapotundika majina ya watu wao mitandaoni, safu hizo za tahadhari huachwa. Zifungue. Kujirejelea si dhambi. Mwenye viwanja vya utafiti vya miaka thelathini hana budi kutaja alivyovipima mwanzo. Ikiwa theluthi mbili za hesabu yote ni zake mwenyewe na za wanafunzi wake, hapo uliza. Mgema akisifiwa, wanasema, na kipimo kikishakuwa njia ya cheo watu hukata matokeo ya utafiti mmoja vipande vinne ili wapate makala nne.

Ukiwa mwanafunzi unayetafuta msimamizi, unaweza kuruka karibu nambari zote. Tazama makala za miaka mitano ya mwisho na uone kama wanafunzi wake ndio waandishi wa kwanza, kama wanaendelea kuandika baada ya kuhitimu, na kama wapo waliotoka nchi sampuli zilikotoka. Profesa mwenye h ya 70 ambaye wanafunzi wake wote wamo katikati ya orodha atakupa jina kubwa kwenye barua ya utambulisho, basi.

Na ukiwa mjumbe wa kamati, ripoti yako iandike ili mtu mwingine aweze kuikagua. Kwa mwombaji wa kubuni, aya moja yatosha: kwa mujibu wa Scopus, kwa tarehe iliyotajwa, ana makala 31, h ni 9, iliyorejelewa zaidi ni ya mbinu yenye waandishi 60, naye ni wa 22, alitoa sampuli za maeneo mawili, makala tatu alizoongoza ni za jenetiki ya pweza wa pwani, zimerejelewa mara 54 kwa jumla, na kati ya sentensi kumi tulizosoma sita zinatumia matokeo yake kupanga sampuli mpya, tatu zinamtaja kwa kupita, moja inapinga ukubwa wa kundi alioukadiria, barua ya kikundi cha usimamizi wa fukwe inathibitisha kwamba msimu wa kufunga uvuvi ulipangwa kwa data zake, kujirejelea ni moja kati ya nane.